Mtihani Uanze kwa Kuvua Kiatu

Kila mwaka shule zetu za sekondari huingia katika msimu ambao kila mwalimu na kila mwanafunzi anaufahamu. Madaftari hufunguliwa upya, karatasi za mitihani ya miaka iliyopita hutafutwa kwa udi na uvumba, na mwalimu akianza kueleza jambo, mkono mmoja hunyooka nyuma ya darasa: "Mwalimu, hilo hutoka katika mtihani?" Swali hilo si la kipuuzi. Mwanafunzi anayeliuliza amekwisha kutambua kwamba mtihani ndio unaoamua kipi kisomwe na kipi kiachwe. Katika makala haya nataka kulifuata swali hilo mpaka mahali linakoishia, nalo mara nyingine huishia katika chumba cha daktari. Nitatumia mfano wa tawi la tiba lisilotajwa sana nchini kwetu, yaani tiba ya miguu, ambayo wataalamu huiita podiatria. Maoni yangu ni kwamba tunahitaji ubingwa huo na mtihani wake, lakini mtihani huo hauna budi kuanza kwa kumvua mgonjwa kiatu.

Mguu wa mjomba

Mimi ni mzaliwa wa Mbaga, katika milima ya Upare, wilaya ya Same. Watu wasioijua Same huidhania kuwa ni ule mji wa joto na vumbi unaoonekana kutoka barabara kuu ya kwenda Moshi. Lakini nyuma ya mji huo milima hupanda mpaka kilele cha Shengena, chenye urefu wa zaidi ya mita 2,400, na huko juu, mwezi Juni na Julai, ukungu huweza kukaa kutwa nzima na baridi ikapenya mpaka kwenye mifupa. Wazee huota moto, wakinyoosha miguu kuelekea mafiga.

Ndivyo alivyofanya mjomba wangu, mkulima wa migomba na maharagwe, ambaye wakati huo alikuwa ameishi na ugonjwa wa kisukari kwa miaka mingi. Usiku mmoja unyayo wake uliungua naye asijue. Hakusikia chochote. Siku ya kliniki ilipofika alivaa viatu vyake vya kutokea, akateremka mjini kwa gari la asubuhi. Daktari aliyempokea alikuwa kijana mwenye adabu. Alipima sukari, akasoma jalada, akabadili kipimo cha dawa, akamtakia safari njema. Hakuangalia miguu, wala mjomba hakutaja jambo lolote. "Kisichouma si ugonjwa, mpwa wangu," aliniambia baadaye. Baada ya majuma matatu lengelenge lilikuwa limekwisha kuwa donda ndugu, na mguu ukakatwa chini ya goti.

Sikuyaandika haya ili nimshitaki daktari yule. Nina hakika alifaulu mitihani yake vizuri. Angaliulizwa kwa maandishi, "Eleza sababu tano za vidonda vya miguu kwa wagonjwa wa kisukari," angalijaza kurasa mbili bila kusita. Jambo linalonisumbua ni hilo hasa. Elimu ilikuwamo kichwani mwake, na mguu uliokuwa ukioza ulikuwa mbele yake, umbali wa hatua moja. Kati ya elimu na mguu kulikuwa na kiatu tu, na hakuna mtu aliyewahi kumtahini juu ya kukivua.

Sayansi ya unyayo

Ili tuone uzito wa jambo lenyewe, yafaa tueleze kwanza namna mguu unavyoharibika. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi hudhuru mishipa ya fahamu, na mishipa mirefu ndiyo hutangulia kudhurika. Mshipa unaotoka uti wa mgongo mpaka kidole cha mguu cha mtu mzima una urefu wa karibu mita moja. Kwa hiyo ganzi huanzia vidoleni, ikapanda polepole kama maji yanayojaa kisimani. Wakati huohuo mishipa ya damu huweza kuziba, na kidonda kikakosa damu ya kukiponya.

Mguu usiohisi hudhulumiwa na mwenyewe. Hapa mwanafunzi wa fizikia anaweza kumsaidia tabibu. Kanieneo ni kani ikigawanywa kwa eneo. Mtu wa kilo 60 huikandamiza ardhi kwa kani ya nyutoni 600 hivi. Akisimama kwa mguu mmoja, na unyayo ukigusa chini kwa eneo la sentimita za mraba 100, kila sentimita ya mraba hubeba nyutoni 6. Sasa weka kokoto katika kiatu chake, ncha yake iwe na eneo la sentimita ya mraba moja, na tuseme kwamba inabeba sehemu moja ya kumi tu ya uzito wake. Sehemu ile ya ngozi itabeba nyutoni 60, yaani mara kumi ya wastani. Mimi na wewe tungalisimama mara moja tukakung'uta kiatu. Asiyehisi atateremka na kokoto ile kutoka Mbaga mpaka Same.

Katika kulielewa jambo hili dunia inawiwa na wagonjwa wa ukoma. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore nchini India kuanzia miaka ya 1940, na baadaye Carville katika jimbo la Louisiana, Marekani, alionyesha kwamba vidonda vya nyayo za wakoma havikutokana na nyama iliyooza yenyewe, kama ilivyodhaniwa. Vilitokana na kukosa maumivu. Mgonjwa aliendelea kukanyaga palepale palipoumia, siku baada ya siku. Ujuzi uliopatikana kwa wakoma ukaja kuwafaa wagonjwa wa kisukari wa nchi tajiri.

Nao wagonjwa wa kisukari si wachache tena. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka 2012 ulikuta kiwango kikubwa cha sukari katika damu kwa takriban asilimia 9 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Wataalamu wa dunia wanakadiria kwamba kati ya wagonjwa watatu hadi watano wa kisukari, mmoja atapata kidonda cha mguu katika maisha yake. Kwa hiyo si suala la mjomba wangu peke yake.

Mtihani wa wenzetu

Katika nchi kadhaa miguu ina wataalamu wake. Marekani, anayetaka kazi hiyo husoma miaka minne ya udaktari wa miguu baada ya shahada ya kwanza, kisha hufanya mazoezi ya hospitalini kwa miaka mitatu, ndipo ajitayarishe kwa mitihani ya bodi za ubingwa. Uingereza, taaluma hiyo husomewa shahada ya chuo kikuu, na sheria humkataza mtu asiyesajiliwa kujiita kwa jina lake.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu huko Marekani, jirani yangu katika jengo la wanafunzi alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa bodi. Meza yake ilijaa vitabu vya maswali ya kuchagua jibu sahihi, na jioni alikaa mbele ya kompyuta akitibu wagonjwa wa kubuni, maana mitihani ya aina hiyo huwamo pia. Alikuwa mtu wa bidii, na sina neno la kumdharau. Usiku mmoja aliniomba nimwazime miguu yangu ili afanye mazoezi. Aligusa nyayo zangu kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10, nami nikajibu "ndiyo" kila nilipohisi. Akatafuta mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo. Kisha akasimama kwenye vishimo vidogo kandokando ya kucha zangu, akauliza, "Hivi ni nini?"

Nikamweleza habari za funza, mdudu ambaye mama alitutoa vidoleni kwa mwiba wa mlimau kila Jumamosi. Nikamweleza pia kwamba mdudu huyo si mwenyeji wetu. Alitoka Amerika ya Kusini, akafika pwani ya Angola kwa meli iliyotoka Brazil mwaka 1872, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amelivuka bara zima mpaka Afrika Mashariki. Jirani yangu alisikiliza kwa makini, akacheka, akasema, "Hilo halimo katika mtihani."

Hakukosea. Mtihani wake ulitungwa kwa ajili ya miguu ya kwao, na kwao ulikuwa mzuri. Lakini mtihani ni kama kiatu, hushonwa kwa kipimo cha mguu fulani. Tukiuazima ulivyo, tutakuwa na mabingwa wanaoijua miguu inayokanyaga zulia, nao watababaika mbele ya mguu uliotembea pekupeku miaka hamsini, wenye magaga, makovu ya funza, pengine na ganzi ya ukoma wa zamani, unaoota moto usiku na kuvaa katambuga mchana.

Tuna pa kuanzia

Hatuanzi patupu. Hapa kwetu kazi ya miguu ipo, ila imegawanyika. Mfupa ni wa daktari bingwa wa mifupa, sukari ni ya daktari wa kliniki, kidonda ni cha muuguzi, na kiatu au mguu wa bandia ni wa fundi sanifu. Mafundi hao wamekuwa wakifunzwa Moshi, mwendo wa kilomita mia moja hivi kutoka Same, katika chuo cha TATCOT kilichoanzishwa mwaka 1981, nacho kimepokea wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika. Aidha, Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha, kimeonyesha kwamba nchi zetu zinaweza kutunga mitihani yao ya ubingwa na kuwatahini madaktari wanaofunzwa katika hospitali za kwao.

Lakini mfano unaonivutia kuliko yote ni mdogo zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianza nchini mwetu na India mradi wa kutunza miguu ya wagonjwa wa kisukari, ulioitwa Hatua kwa Hatua. Kwa upande wetu Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Mafunzo yalimchukua daktari pamoja na muuguzi wa kituo kimoja, wakasoma bega kwa bega. Baada ya siku chache za mafunzo ya awali walirudi vituoni kwao wakafanye kazi, na baada ya mwaka mmoja wakaitwa tena kwa mafunzo ya juu. Mwaka ule wa katikati ndio ninaotaka msomaji auzingatie. Hakuna awezaye kuukariri. Mtu alirudi akiwa ameona miguu au hakuiona.

Kwa maoni yangu cheti chetu cha tiba ya miguu kingejengwa juu ya msingi huo. Watahiniwa wa kwanza wawe wauguzi na matabibu ambao tayari wamo katika zahanati na vituo vya afya. Wapewe mwaka mzima wa kufuata wagonjwa walewale, na daftari la kazi lenye swali kubwa moja mwishoni: wangapi kati yao wangali na miguu yote miwili, na waliopoteza, kwa nini? Mtihani wa maandishi uwepo, maana asiyejua mishipa inapopita hawezi kuitafuta. Lakini sehemu ya kwanza ya mtihani iwe chumba chenye mgonjwa wa kweli, aliyekaa kitini akiwa amevaa viatu. Mtahiniwa asiyemvua viatu vyote viwili na soksi asiendelee na sehemu ya pili, hata kama maneno yake ni matamu.

Akishavua, aangalie katikati ya vidole. Atie mkono ndani ya kiatu atafute msumari au kokoto. Atafute mapigo ya damu. Apime hisia, na akikosa uzi wa nailoni atumie kidole chake, kama ilivyothibitishwa Ipswich, Uingereza, mwaka 2011: mgonjwa afumbe macho, aguswe kidogo tu kwenye ncha ya kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano cha kila mguu. Akishindwa kuhisi mara mbili au zaidi kati ya hizo sita, mguu wake umo hatarini. Mwisho, azungumze na mgonjwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, kisha amwombe arudie kwa maneno yake mwenyewe aliyoambiwa. Mgonjwa akishindwa kurudia, aliyeshindwa mtihani ni mtahiniwa.

Namna ya kujiandaa kwa mtihani wa aina hiyo ni moja tu, nayo ni kuifanya kazi yenyewe kila siku. Mtu akijizoeza kwa mwaka mzima kuvua viatu vya wagonjwa kwa sababu mtihani unadai hivyo, atavivua pia baada ya mtihani, kwa mazoea.

Hoja za wanaopinga

Ziko hoja mbili ambazo si haki kuzipita kimya. Ya kwanza ni ya fedha: nchi yenye upungufu wa dawa na wauguzi yawezaje kuwaza ubingwa wa miguu? Najibu kwamba vifaa vya kazi hii ni macho, vidole, beseni la maji na kigoda. Gharama kubwa ni kuukata mguu, kuutengeneza wa bandia, na kumlisha mkulima asiyeweza tena kupanda shamba la mteremkoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ya pili ni nzito zaidi. Wanasema mtihani wa vitendo hauna haki, kwa kuwa mtahini mmoja ni mkali na mwingine mpole, ilhali karatasi ya maswali humpima kila mtu kwa kipimo kimoja. Ni kweli. Lakini kasoro hiyo hutibiwa kwa kuweka watahini wawili na orodha ya mambo ya kutazamwa. Kipimo kilekile kwa watu wote hakifai kitu ikiwa kinapima jambo lisilohitajika. Wala wazo hili si geni kwetu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliilaumu elimu tuliyoirithi kwa kuupa mtihani nafasi kubwa kupita kiasi, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kazi za mwanafunzi za kila siku nazo zihesabiwe. Tuliyakubali maneno hayo. Kuyatekeleza ndiko kulikotushinda mara kwa mara, maana ni rahisi zaidi kusahihisha karatasi kuliko kusahihisha mikono.

Kazi ya shule

Mwalimu atauliza yamhusu nini yote haya, ilhali darasa lake halina hata mmoja anayesomea udaktari. Yanamhusu sana. Daktari aliyempokea mjomba hakuanza kuacha viatu vya watu chuoni. Alianza kidato cha kwanza, alipogundua kwamba aweza kupata alama zote kwa kuchora chombo ambacho hakukigusa. Elimu bila amali ni kama nta bila asali, na nta hiyo twaitengeneza sisi walimu.

Basi napendekeza somo moja lisilo na gharama. Kila mwanafunzi aloweshe unyayo, akanyage karatasi ya grafu, achore mpaka wa alama iliyobaki, ahesabu miraba, kisha atumie uzito wake kutafuta kanieneo. Wanafunzi walinganishe nyayo bapa na nyayo zenye tao, wajadili ni sehemu gani ya mguu hubeba mzigo mkubwa wakati wa kuteremka mlima, na kwa nini. Wakifika nyumbani, yule mwenye babu au bibi mgonjwa wa kisukari amwombe kwa heshima amwonyeshe nyayo zake. Hapaswi kutibu, wala kukata sugu kwa wembe. Kazi yake ni kutazama, na akiona jeraha, lengelenge au weusi, kuhakikisha mzee anafika zahanati siku hiyohiyo, liume lisiume. Amkumbushe pia asiote moto kwa miguu, na asitembee pekupeku hata uani.

Mjomba sasa anatembea kwa mguu wa bandia uliotengenezwa Moshi. Amerudi Mbaga, ingawa shamba la bondeni amewaachia vijana. Kila ninapokwenda likizo hunyoosha mguu wake uliobaki na kuniambia niuangalie, nami huvua kiatu na soksi, nikatazama vidole kimoja kimoja. Mimi si daktari wa tiba, na hakuna aliyenipa cheti cha kazi hiyo. Lakini mguu ule umekuwa ukiangaliwa, nao ungali mzima.